Katika Filamu za Mapenzi Hakuna Siku ya Koti

Jumapili, Agosti 2009
Matisi, Kitale

Mvua ilianza wakati watu wanaenda ibada ya kwanza na mpaka sasa haijapumzika. Baridi ya Kitale ya mwezi wa nane inaingia mpaka kwenye meno. Sikuenda kanisani. Mama alifungua mlango wa chumba changu, akanitazama, akaufunga taratibu, akaenda peke yake na ule mwavuli wake uliovunjika. Mimi nikaja kufungua duka letu la kukodisha filamu. Si kwamba nangoja wateja. Humu ndani kuna kompyuta, na hakuna mtu wa kunihurumia.

Niseme ukweli mapema: leo nina hasira, na nina hasira na filamu.

Wanaopita hapa kwenye blogu wanajua mimi huandika kuhusu filamu. Naandika ipi imefika, ipi nakala yake ni mbovu mpaka unasikia mtu akikohoa ukumbini, ipi usimkodishie mchungaji. Na karibu zote ninazozisifu ni za aina moja, zile za mapenzi ya kuchekesha. Sijawahi kuzionea haya. Wanaume wa mtaa huu wanasema ni za wanawake, kisha Ijumaa wanakuja kuzikodisha kwa jina la wake zao, na Jumatatu wanazirudisha wakiwa wanajua hata jina la mbwa wa jirani.

Ukishaona kumi umeziona zote. Msichana ana kazi nzuri na nywele zisizotulia. Anagongana na mwanamume, kitu kinamwagika, wanachukiana. Kuna rafiki wa kike mwenye mdomo, ambaye hana maisha yake mwenyewe, kazi yake ni kutoa ushauri mbaya. Kuna mchumba tajiri ambaye hata picha ya kwenye kasha inakuambia hafai. Kuna uongo mdogo unaokua mpaka unafumuka mbele ya watu. Wanaachana mvua ikinyesha. Halafu mmoja anakimbia mpaka uwanja wa ndege, au kanisani, anahutubia umati ambao haukumwalika, na umati badala ya kuita polisi unapiga makofi.

Nina mteja mmoja anayeuza sukuma wiki hapa Matisi. Kila akija anasema yale yale: "Nipatie ya mapenzi, lakini isikuwe ya kulia. Kulia niko nako nyumbani." Zamani nilikuwa nacheka. Sasa naona hakuna aliyewahi kuzieleza filamu hizi vizuri zaidi yake. Hatuzitazami ili tujue itakuwaje. Tunazitazama kwa sababu tunajua. Kwa saa moja na nusu mtu amekuahidi kwamba hakuna kitakachovunjika kisiungike.

Hata mimi nilipata yangu. Simiyu aliingia katika duka hili kutengeneza televisheni. Alikuwa fundi, kijana wa Misikhu, mtaratibu wa mikono. Ile televisheni ilikuwa inatoa picha bila sauti, na mimi nilikuwa mbele yake nalia kwa sababu ya mwisho wa filamu ambayo maneno yake nilishayakariri. Akasimama mlangoni na mkoba wake wa vifaa, akauliza, "Sasa, ni TV imekupiga ama ni nini?"

Tulioana. Nikamwachia mama duka, nikahamia kwao Misikhu, nikawa nakuja hapa siku moja moja kukodisha na kuandika. Tukapata Nekesa, ambaye sasa ana miaka mitano na maswali kama ya karani wa mahakama. Machi mwaka huu Simiyu alipanda juu ya nyumba ya mteja kuweka antena, mlingoti ukagusa waya wa stima. Walimshusha kwa ngazi yake mwenyewe.

Nimefikiria sana jinsi watu wanavyokufa katika filamu zangu. Anaweza kufa nyanya wa msichana, akishatoa maneno ya busara. Ama anakuwa amekufa mke wa mwanamume, lakini huyo amekufa kabla filamu haijaanza. Tunaona picha yake ukutani, tunaambiwa ni miaka kadhaa imepita, na mwanamume tayari ni mzuri, ana huzuni ya kupendeza na mtoto mwenye akili. Ile miaka kadhaa hatuonyeshwi. Hakuna anayeonyesha ni nani alifua zile nguo za msibani, na walikaa kikao gani, na waliamua nini.

Mimi niko ndani ya ile miaka ambayo hawaonyeshi.

Basi nieleze siku ya koti. Kwa ukoo wa akina Simiyu, mume akifa koti lake huwekwa. Siku ikifika wazee wanaketi, watu wanaitwa, mjane analetwa mbele na anapewa lile koti alivike mabega ya mwanamume atakayemsimamia. Wengine wanasema kusimamia ni kumlimia tu na kumsomeshea mtoto. Wengine hawasemi kitu, wanachekea kikombeni. Siku yangu ilikuwa jana.

Wanaume walikuwa wawili, kama kwenye kasha la filamu. Wa kwanza ni Wafula, kaka mkubwa wa Simiyu. Anafanya biashara pale Lwakhakha, anavusha sabuni na vitambaa kutoka Uganda. Ana wake wawili. Ana tabia ya kumtazama mtu kuanzia miguuni kwenda juu, kama anayenunua ng'ombe Misikhu siku ya soko. Wa pili ni Barasa, mdogo wao, mwalimu wa shule ya msingi, hajaoa. Nekesa akimwona anaacha chakula, anamkimbilia. Ingekuwa filamu, mteja wangu wa sukuma angekuwa anapigia kelele kioo: Barasa, wewe msichana, Barasa!

Lakini Barasa akigeuka, kisogo chake ni cha Simiyu. Sikuweza. Na sikutaka kuvishwa mwanamume yeyote kabla hata sijazoea kulala katikati ya kitanda. Nilichotaka ni kimoja: kubaki pale nyumbani na mtoto wangu, nilime kipande chetu, nipike na mama mkwe wangu. Yule mama alinifundisha kupika chisaka, ile mboga chungu ya kwao, mpaka uchungu wake ukawa utamu. Alinipenda kabla sijajua hata kumsalimia kwa lugha yao.

Kwa hiyo nikapanga mpango wangu, peke yangu, kama wanavyopanga wasichana wa filamu. Ule wakati harusi nzima imekaa, msichana anasimama na kuwaambia wote wawili hapana, kisha anasema kilicho moyoni. Niliandaa hotuba. Niliifanyia mazoezi jikoni, kuku wakinisikiliza. Ningemvika koti Mzee, baba ya Simiyu. Mwana alitoka kwake, koti lirudi kwake. Mimi nibaki pale kama binti yake, chini ya paa lake, bila mume. Niliona ni jambo zuri mpaka machozi yalinitoka nikilifikiria. Niliona watu wakinyamaza, halafu mama mmoja akipangusa macho, halafu makofi.

Mnaonisoma kutoka Bungoma, huko kwa akina Simiyu, mmeshashika vichwa.

Mimi ni Mkikuyu wa Kitale. Babu yangu alikuja huku kulima mahindi, na sisi tumekulia katikati ya watu wa kila aina tukidhani tunajua ya wote. Kwetu baba ya mumeo unampa mkono, unamwandalia chai, unamuuliza mguu unaendeleaje. Nilipoolewa niliambiwa huyu usimpe mkono. Chai weka mezani, ondoka. Akikaa kwenye kiti, wewe usikikalie. Nikafuata yote, bila kukosea hata mara moja, miaka yote hiyo. Nilidhani ni heshima tu, kama kutovaa kofia kanisani. Hakuna aliyeniambia ni ukuta, na mimi sikuuliza upande wa pili kuna nini.

Koti si mkono, nilijiambia.

Jana pia mvua ilinyesha. Waliweka turubai uani, wazee kwenye viti, watu wengine kwenye mabenchi ya kanisa, wanawake wakichungulia kutoka jikoni. Nekesa alikuwa huko jikoni na kiazi mkononi. Shangazi mmoja akaniletea koti. Lilikuwa bado na harufu ya risasi ya kuchomelea waya, ile harufu ya kazi yake. Wafula alikuwa tayari ameshavua koti lake mwenyewe na kulikunja juu ya magoti, kusudi mabega yawe wazi. Nilitaka kucheka. Nampita Wafula. Nampita Barasa, ambaye anatazama viatu vyake. Nafika kwa Mzee, namvika koti la mwanawe, napiga magoti, na kwa sababu ndivyo wanavyofanya katika filamu, nashika mikono yake yote miwili.

Nilisema, "Baba, mimi nimechagua hapa nyumbani." Zaidi ya hapo sikufika.

Kulikuwa na kimya, hilo nililipatia. Kisha mwanamke alipiga ukemi kutoka jikoni. Mzee alisimama, koti likaanguka kwenye matope. Aliitazama mikono yake, akainyoosha mbali na mwili kama mtu aliyeshika mafuta ya moto, akatoka chini ya turubai na kuingia kwenye mvua, bila kofia, akaelekea kwenye mahindi. Nyuma kabisa kijana mmoja aliangua kicheko, akasema, "Ati amechagua mzee! Bana, amechagua mzee!" Huyo peke yake ndiye aliyeona kichekesho.

Ndivyo walivyoona wote. Sikuwa binti aliyeomba kubaki nyumbani. Nilikuwa mjane aliyemchagua baba wa mumewe awe mumewe, mbele ya mkewe, mbele ya wanawe, na tayari alikuwa amemshika.

Katika filamu zangu kutoelewana ndiyo injini. Bila hiyo gari haliendi. Mtu anaona nusu ya jambo, anaondoka na hasira, na sisi tulio kwenye kochi tunafurahi kwa sababu tunajua ukweli na tunajua utafika. Nami nilikuwa najua ukweli. Nikadhani kuujua kunatosha. Nilizunguka chini ya lile turubai nikieleza, nikimshika huyu na yule, na kila niliyemkaribia alirudi nyuma. Wafula hakuinua hata sauti. Aliniambia, "Wachia hapo, mama. Kila neno unasema unaharibu zaidi." Na kitu kibaya ni kwamba alikuwa anasema kweli.

Mama mkwe nilimkuta nyuma ya jiko. Alikuwa amekaa chini, yeye ambaye hakai chini. Nilimwambia yote, mpango wote, hata kuku. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mimi najua hukujua, Mama Nekesa. Lakini si mimi peke yangu niliona."

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia mapema. Akaniuliza angemwambiaje mtu jambo ambalo hata mwendawazimu halifanyi.

Kuuliza si ujinga, wanatuambia tukiwa watoto. Katika kila filamu niliyowahi kukodisha, kama mtu mmoja angemuuliza mwenzake swali moja, mambo yangeisha dakika ya ishirini na wote wangeenda kulala. Nimeandika utani huo hapa kwenye blogu mara nyingi. Niliishi na yule mama, tukipepeta maharage pamoja, tukichota maji pamoja, na sikumuuliza.

Wazee waliamua niondoke kabla jua halijazama, mpaka itafutwe njia ya kutakasa. Mtoto haruhusiwi kutoka. Mtoto ni wa ukoo, na tena hakuna anayetoa mtoto katika boma lililochafuka. Nekesa aliniona nikivaa viatu vya safari akauliza naenda wapi. Shangazi yake alinitangulia kujibu, akamwambia naenda kununua sukari. Akarudi kwenye kiazi chake. Hakulia. Heri angelia.

Sasa hili nalo niliseme, kwa maana ndilo linaloniuma nikiwa hapa.

Nilikuwa nimeshafika karibu na barabara kubwa ya Misikhu, nimelowa, sina hata kibeti, na nikasikia mtu anakimbia nyuma yangu. Anakimbia kweli, viatu vinapiga matope, anaita jina langu. Moyo wangu, mjinga huyu aliyelelewa na filamu, uliruka. Niligeuka nikiwa tayari ninatabasamu. Mume wangu ana miezi michache kaburini, mtoto wangu nimemwacha, na bado niligeuka nikitabasamu.

Alikuwa Barasa. Alisimama mbali kidogo, akaweka begi juu ya nyasi, akarudi nyuma. Hakunipa mkononi. Ndani kulikuwa na nguo zangu zote, zimekunjwa kwa ule mkunjo wa mama yake, mpaka kitambaa cha kichwa. Mtu hakukunjii nguo zako zote kama unarudi kesho kutwa.

Akasema, "Shemeji, si ungenipea tu mimi? Ningekaa nalo bure. Hata Mama nilikuwa nimemwambia. Ningekulimia tu, na wewe ukae." Halafu akasema, "Si ungeniuliza, bana."

Hakuwa ananilaumu. Alikuwa anashangaa. Aligeuka na kurudi kwao, na niliona kile kisogo mpaka mvua ikakificha.

Niliingia hapa Matisi watu wakiwa wanafunga vibanda. Mama yangu aliniona na begi akajua. Nilipomaliza kumweleza alisema, "Mkataa pema pabaya panamwita," kisha akalia kwa sababu ya kulisema.

Asubuhi hii, kabla ya kanisa, mama mkwe alipiga simu. Alikuwa ameazima simu ya mtu, anaongea chini chini. Wazee wamekaa mpaka usiku. Mzee hajala, na hataki kulala ndani ya nyumba yake. Kondoo atachinjwa, nitatakaswa, na Mzee atatakaswa. Lakini doa la namna hii halifutwi na kondoo peke yake, wamesema. Lazima lichukuliwe na mwanamume, na mdogo hawezi kulibeba, ni la kaka mkubwa. Wafula amekubali. Na si kunisimamia tena. Nitajengewa nyumba katika boma lake, niwe mke wa tatu. Nikikataa, Nekesa anabaki, na mimi nisikanyage pale. Wanataka jibu kesho.

Nilimuuliza yeye mwenyewe anasema nini. Nilisikia jogoo wa huko. Akasema, "Mimi sisemi ukubali. Nasema tu mtoto ameuliza sukari iko wapi."

Mama anataka twende kwa ofisa wa watoto. Anasema sheria iko, siku hizi mtoto hachukuliwi hivi hivi kama kifaranga. Huenda ni kweli. Nimefikiria tangu asubuhi. Nitaandikisha maneno, wataitwa, hawatakuja, wataitwa tena. Nekesa atajifunza kula bila mimi, atajifunza kusuka nywele kwa mtu mwingine. Na siku nitakayompata kwa karatasi ya serikali, nitakuwa nimemtoa kwa Barasa, kwa nyanya yake, kwa kaburi la baba yake, na hakuna atakayetupungia mkono. Sisemi Mama amekosea. Nasema mtoto wa miaka mitano hawezi kuwekwa kando kama filamu, ukamaliza kazi zako ukamkuta pale pale ulipomwachia.

Msichana mmoja ameingia sasa hivi, amelowa, na rafiki yake. Wanataka kitu cha kuchekesha, wametoka kanisani na wana Jumapili nzima. Nimewapa moja nzuri. Nimewaambia mwisho wake ni mtamu, nao wamefurahi kuambiwa mwisho. Nimewatazama wakivuka matope wameificha chini ya sweta isilowe, na ile hasira niliyokaa nayo tangu asubuhi imeniishia. Filamu hazikunidanganya. Zilisema tangu mwanzo kwamba ni za kujifurahisha. Ni mimi niliyezichukua kama ramani.

Karibu zote zinamalizikia kwenye neno moja. Mwanamume anauliza, msichana anasema ndiyo, muziki unapanda, majina yanaanza kupita. Mimi sijaulizwa na mwanamume. Nimeulizwa na kikao, kwa simu ya kuazima. Lakini neno linalotakiwa ni hilo hilo, na kesho asubuhi nitapiga simu nilitamke haraka, kabla Mama hajaamka akanizuia. Ndiyo, mwambieni Wafula ndiyo.

Kisha nitaomba wanipe Nekesa azungumze nami. Ataniuliza narudi lini, na atauliza nyumba mpya ni ya nani. Nitamwambiaje mtoto yule kwamba baba mkubwa sasa ndiye baba?